Mchenya wa Madam Honorata

Mimi ni Violeth, mwalimu wa ushonaji, na sina uvumilivu na mtu anayesema watu wa kijiji chetu cha Sapiwi hawapendi kujitolea. Wanapenda sana. Wasichopenda ni kupangiwa zamu kama wagonjwa wa kliniki. Mimi hilo nimelijua tangu utotoni, lakini mkuu wetu wa chuo, Madam Honorata, alikuja kulijua maji yameshamfika shingoni.

Madam ni mtu wa Rombo. Aliletwa kwetu kuanzisha chuo cha ufundi, akakuta kiwanja cha majani, ofisi ya vyumba viwili, na cherehani zangu chache nilizokuwa nafundishia kwenye chumba cha kuazima kanisani. Mashine kubwa, za kuchomelea na za kuranda mbao, zilikuwa zimeshafika Bariadi mjini, zimefungiwa stoo zikisubiri karakana. Bati na mbao za kenchi za paa halmashauri ilishatoa. Kuta na vyoo vya wanafunzi vilikuwa fungu la wananchi. Wakaguzi wa kanda walikuwa wanakuja mwishoni mwa Julai. Wakikuta karakana imeezekwa na vyoo vimesimama, tunapata mashine na kibali cha kufundisha. Wakikuta majani, mashine zinapakiwa kwenda wilaya nyingine. Na Madam alikuwa ameshasimama mbele ya wakubwa akasema wananchi wake watazisimamisha hizo kuta.

Wananchi wenyewe walikitaka chuo, hilo nisije nikawasingizia. Plau ikikatika katikati ya msimu wa kulima, mtu anaifunga kwenye pikipiki anaipeleka Bariadi kuchomelewa, anashinda huko, na mvua inanyesha shamba limelala. Ng'washi, binti wa kaka yangu Ngassa, alikuwa ameifunga plau ya baba yake kwa waya, na kila aliyepita alimwambia waya huo ni wa muda tu, chuo kikifunguliwa ataichomelea mwenyewe. Alishamaliza kidato cha nne. Kazi yake ilikuwa kusubiri.

Kuna jambo la mwaka wa kwanza wa Madam ambalo lazima nilieleze kabla sijaendelea. Huku kwetu mtu akipata hatari, wezi wa ng'ombe au moto au nyoka ndani ya nyumba, anapiga mwano, yaani yowe refu la kuita watu. Ukisikia mwano unaacha ulichoshika unakimbilia unakotoka. Usipotokea, sungusungu wanakutoza mchenya, ambayo ni faini yetu ya mila, kuku au mbuzi au hata ng'ombe kulingana na kosa. Na ukipiga mwano bila hatari, mchenya ni wako pia. Basi mwaka ule wezi walivamia zizi la jirani, mwano ukapigwa, Madam akajifungia chumbani akisali rozari. Mwalimu Yakobo, wa ujenzi, mzaliwa wa hapa hapa, naye alibaki kitandani. Yakobo alitozwa mbuzi. Madam hakutozwa kitu. Aliponiuliza kwa nini, nilimjibu kwamba yeye ni mgeni, na mgeni hatozwi. Nilidhani namtuliza. Akaenda kumwagilia mchicha wake.

Kama mgeni ndivyo alivyochukuliwa kila alipokwenda. Akifika kwenye msiba, anatolewa kiti cha plastiki na soda. Akifika kwenye harusi, kiti na soda. Wanawake wenzake wako jikoni wanasonga ugali wa watu mia na kutukanana kwa raha zao, yeye amekaa kivulini peke yake na soda ya machungwa.

Kwenye mkutano wa hadhara alieleza vizuri sana habari za karakana. Akasema kwao Kilimanjaro wanaita msaragambo, kila mtu anatoka na jembe lake, akabandika ukutani zamu za kila kitongoji. Watu wakapiga makofi. Wakamshukuru, wabeja mayu, asante mama, wabeja sana. Siku ya zamu ya kwanza tulitokea mimi, Yakobo, Ng'washi, na bibi mmoja aliyekuwa anatafuta ndama wake.

Madam alilia siku hiyo, na mimi nilikasirika, kwa sababu najua watu wangu walikuwa wapi. Ilikuwa Julai. Pamba imeshauzwa, matumbo yameshiba, na Julai kwa Msukuma ni ngoma. Kila mwenye miguu alikuwa uwanjani kwa Bagika au kwa Bagalu. Hivi ni vikundi viwili vya tangu enzi za mababu, na baada ya mavuno vinashindana, kila kimoja na manju wake wa kutunga nyimbo, dawa zake, na vituko vyake vya kuvuta watu. Ngoma inayonyamaza kwanza ndiyo iliyoshindwa, na aibu yake inaliwa mwaka mzima. Manju wa Bagika ni kaka yangu Ngassa, mzee wa kanisa. Manju wa Bagalu ni shemeji yangu Bujiku, mdogo wa mume wangu, ambaye bado anawapelekea mizimu pombe yao. Nimezaliwa huku nikaolewa kule, kwa hiyo sikukuu zote nakula kwa tahadhari.

Nikamwambia Madam abandue zile zamu zake. Karakana ni jengo refu, lina lango kubwa katikati. Awape Bagika nusu ya mashariki na Bagalu nusu ya magharibi, halafu akae kando.

Aliniuliza kama itafaa. Nikamjibu atafute pamba ya kuziba masikio.

Sijui nianzie wapi kuisimulia wiki ile, mwili bado unanisisimka. Asubuhi ya kwanza tulizisikia ngoma kabla hatujawaona watu. Bagika walitokea njia ya lambo, majembe begani, wanaume wamefunga njuga miguuni na wanawake wamebeba ndoo za maji. Bagalu walitokea upande wa gulio na ngoma kubwa zaidi, na tela la ng'ombe limejaa matofali ya kuchoma hadi miguu ya ng'ombe inatetemeka. Msingi ulichimbwa kwa mdundo. Jembe linapanda pamoja, linashuka pamoja, vumbi linapaa, na manju anaimba katikati. Bujiku aliimba kwamba Bagika wanajenga banda la mbuzi. Ngassa akajibu kwamba ukuta wa Bagalu usipigiwe chafya. Watu wakaanza kuja kutazama hata kutoka vijiji vya mbali, na aliyekuja kutazama alijikuta amepewa tofali abebe.

Ya msingini nayo niliyaona. Bujiku alifukia kitu kwenye kona yake, na nilipomuuliza akasema ni kokoto. Ngassa kwenye kona yake akanyunyiza maji kutoka kwenye chupa, na nilipomuuliza akasema ni ya kupoza vumbi. Waongo wote wawili.

Kuta zikapanda. Yakobo alikimbia huku na huku na pimamaji yake, akisahihisha, akibembeleza, sauti ikamkauka. Ng'washi alichanganya udongo upande wa Bagika mpaka akaota sugu, na usoni alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu amalize shule. Madam alikuwa anaruka. Nasema kweli, mkuu wa chuo, mama mzima, alikuwa anarukaruka kwenye kibaraza cha ofisi na kunishika mikono. Lenta ikapita. Madirisha yakapita. Kuta zikafika pale ambapo kenchi zinakaa, na siku ya ukaguzi ilikuwa haijafika bado, na Yakobo akanyoosha mikono yote miwili juu akasema basi, imetosha, tunaezeka.

Ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa namna ambayo ni sisi tu tungeweza kuyaharibu.

Bagika walisikia ngoma ya Bagalu bado inalia, wakaongeza kozi moja ya matofali. Bagalu walipoona kozi ile wakaongeza yao. Ngoma inayonyamaza kwanza imeshindwa, na hakuna aliyekuwa tayari kunyamaza. Kozi ikaitwa na kozi. Majukwaa yakaongezwa miti. Yakobo aliwaambia wanajenga mnara, wakamwomba apishe njia. Matofali ya karakana yalipokwisha, siku ya tatu ya upuuzi huo, waliingia kwenye rundo la matofali ya vyoo, pande zote mbili, mmoja akichukua kwa sababu mwenzake amechukua. Na wakaguzi walikuwa wanakuja keshokutwa.

Nilimwendea kaka yangu. Nikamwambia Ngassa, binti yako atakosa mashine kwa ajili ya kichwa chako. Akafuta jasho, akasema anajua, na anaumia, lakini waambie wenzetu wanyamaze kwanza. Nikamwendea shemeji. Bujiku akanisikiliza kwa heshima zote za shemeji, akasema anajua, na anaumia, lakini waambie wenzetu wanyamaze kwanza. Fahali wawili zizi moja, na zizi lenyewe halina paa. Nilirudi ofisini nimevimba kwa hasira.

Madam alikuwa amesimama dirishani. Hakulia safari hii. Aliniuliza ni kitu gani duniani kinachoweza kuzinyamazisha ngoma zote mbili kwa wakati mmoja. Nikamjibu hakuna, labda mwano.

Sikuwa nampa shauri. Nilikuwa nalalamika tu. Lakini niliona jinsi alivyogeuka kunitazama, nikaelewa, nikamkumbusha haraka kwamba mwano wa uongo una mchenya.

Alitoka kibarazani, akavua viatu, akashika kiuno, akapiga mwano.

Aliupiga vibaya. Uliingia na lafudhi ya Rombo, ukakatika katikati, akavuta pumzi akaupiga tena. Lakini mwano ni mwano. Ngoma ya mashariki na ngoma ya magharibi zilikatika palepale, kama zilikuwa zimeshikwa na mkono mmoja. Watu waliruka kutoka kwenye majukwaa. Miko ikaanguka, ndoo zikamwagika, na umati mzima ukavuka kiwanja unatujia mbio, wengine na fimbo, wengine na mapanga, Bujiku na tofali bado liko mkononi. Mbele yao wote alikuwa Mzee Luhaga, kamanda wa sungusungu, upinde begani, anakimbia kuliko vijana.

Alifika akihema, akauliza nani amevamiwa.

"Chuo kimevamiwa," Madam alisema.

"Kimevamiwa na nani, mayu?"

"Geukeni nyuma mtazame."

Watu zaidi ya mia tatu waligeuka. Kwa mara ya kwanza waliuona ukuta wao kwa mbali, bila ngoma, bila mtu juu yake. Ulikuwa umepanda kupita kanisa. Upande wa pili wa kiwanja, mahali pa rundo la matofali ya vyoo, palikuwa na vumbi. Nilimwona Ng'washi anamtazama baba yake, na baba yake anaitazama ardhi.

Madam akasema polepole, tena bila ukali, kwamba matofali ya juu ni ya vyoo na anayataka yarudi chini leo. Kisha akasema jambo ambalo mimi, mtoto wa ngoma, sikuwa nimeliwaza.

"Sikilizeni. Ngoma zote zimenyamaza pamoja. Hakuna iliyotangulia."

Bujiku akasikiliza upepo kwa muda, kama anahakikisha. Akamtazama Ngassa. "Zimenyamaza pamoja?"

"Pamoja," Ngassa akasema. "Mimi nilikuwa nashika pigo, ngoma yangu ikakatika na yako."

Kicheko kilianza nyuma kwa wanawake, kikaja mbele, kikatuzoa wote. Nami nilicheka mpaka nikakaa chini. Watu wakarudi kwenye kuta wanakimbia, na usidhani walipona ugonjwa wao, maana walianza kushindana kubomoa, na Yakobo ikabidi apande juu ya ukuta aketi pale kuwazuia wasiishushe karakana yote. Madam akaamuru Bagika wawapigie ngoma Bagalu, na Bagalu wawapigie Bagika, ili kila mmoja afuate mdundo wa mwenzake. Hapo wakatulia. Sijawahi kuona kitu cha namna hiyo maishani mwangu, Ngassa akimwimbia Bujiku. Kozi nane za ziada zilibaki pande zote, udongo wake ulishashika sana, na Yakobo akasema zibaki ziwe kumbukumbu.

Vyoo vilijengwa siku iliyofuata, na kenchi zikapanda, na bati la mwisho lilipigiliwa asubuhi ya ukaguzi, vumbi la gari la wakaguzi likiwa limeshaonekana barabarani. Mwanamume aliyekuwa analipigilia ilibidi abaki juu, ngazi ilikuwa imeshaondolewa, akalala kifudifudi mpaka ukaguzi ulipokwisha.

Mkaguzi mkuu alikuwa baba mmoja mkimya mwenye miwani. Alipima, akagonga kuta, akaingia vyooni, akatoka. Ndani ya karakana aliinua kichwa kutazama paa, akaendelea kukiinua, akauliza kwa nini jengo ni refu hivi.

Madam akamjibu bila kupepesa kwamba vijana watachomelea humo, na mtu anayechomelea anahitaji hewa. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akasema angependa na vyuo vingine vifikirie hivyo. Akampa Madam mkono. Mashine zingeletwa wiki ile ile.

Mlipuko wa shangwe uliofuata nauacha kila mtu aufikirie. Ngoma zililia mpaka yule mtu wa juu ya paa akasahaulika, akaanza kupiga kelele aletewe ngazi. Ng'washi aliruka akamkumbatia Madam, wote wawili wakaanguka kwenye rundo la mchanga.

Jumapili, baada ya ibada, Mzee Luhaga akaitisha sungusungu kwenye kiwanja cha chuo. Alikuwa na shauri moja. Mtu alipiga mwano na hakukuwa na mwizi, wala moto, wala nyoka.

Watu waliguna. Bujiku alisimama wa kwanza kumtetea. Akasema mayu huyu ametusaidia, na zaidi ya hapo yeye ni mgeni wetu, mila zetu hazijui, tumsamehe yaishe. Ngassa akaunga mkono, na hilo peke yake lilikuwa muujiza. Watu wakaitikia kwamba ndiyo, ni mgeni, asamehewe. Mtu fulani alikuwa ameshamletea Madam kiti cha plastiki. Mwingine alikuwa anakuja na soda.

Madam alisimama akakiacha kile kiti.

"Mila hii naijua," alisema. "Violeth alinieleza, na siku ile nilijua nitatozwa. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi mwaka wangu wa pili huu, na bado mnanipa soda."

Yule mwenye soda alisimama nayo katikati ya watu, hajui aipeleke wapi.

Mzee Luhaga alimsogelea Madam. Ni mzee mkali, huwa hacheki, na hakucheka. Alimuuliza kama anafahamu kwamba mgeni hatozwi mchenya, na kwamba mtu akishatozwa mara moja, basi, mwano ukipigwa usiku wa mvua atatoka kama sisi wote, na kukiwa na msiba ataingia jikoni. Madam akasema anafahamu. Luhaga akageukia watu, akauliza kama kuna mwenye neno. Hakukuwa na mwenye neno.

"Beberu mmoja," Mzee Luhaga akatamka. "Na aje naye mwenyewe, anamvuta kwa kamba, kama mtu yeyote."

Madam alimleta jioni ile ile. Alimvuta kutoka gulioni, beberu mweusi mwenye kiburi aliyemburuta mara huku mara kule, na njia nzima watu walitoka majumbani kumcheka. Walimcheka kwa Kisukuma, na hakuna aliyejishughulisha kumtafsiria. Bagika na Bagalu waligombana nani achinje. Wanawake walimwita jikoni, wakampa mwiko, wakamwambia ugali wake una mabonge, na mimi nilikuwa wa kwanza kumwambia.

Nyama ilipokuwa inaiva alijitenga kidogo kupiga simu kwao. Nilikuwa nachota maji pale pale, nikasikia. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, majivu usoni, anazungumza Kirombo na Kiswahili vimechanganyika. Mama yake upande wa pili alikuwa na sauti kubwa, wazee wengi wanaamini simu inahitaji kupigiwa kelele.

"Mama, leo wamenitoza faini," Madam alisema.

"Maskini, mwanangu. Umekosa nini huko kwa watu?"

Madam alijaribu kumweleza, akashindwa, akaanza upya. Kisha wanawake wakamwita jikoni kwa jina lake tu, bila Madam, wakisema ugali unaungua na yeye anaongea na simu. Akamwambia mama yake atampigia kesho, akakimbia.